Daftari la Maswali: Mwaka Mmoja wa Halmashauri ya Kijiji

Maneno haya niliyasema Januari 2025 mbele ya wenyeviti na wajumbe wapya wa halmashauri za vijiji vya kata yetu, mkoani Singida. Wenzetu wa vijiji viwili hawakufika. Korongo lilijaa usiku ule na bodaboda zikakataa kuvuka. Wameomba wayapate, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimeacha tu mahali nilipokohoa.

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wetu wa Kata, watendaji wa vijiji, wenyeviti wapya, wajumbe, mama zangu mliokaa huku mbele, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaotaka kutoroka: habari za asubuhi?

Mbona mnaitikia kinyonge? Tarehe 27 Novemba mmechaguliwa, mmeapa, mmepigiwa vigelegele mpaka mbuzi wamekata kamba. Habari za asubuhi!

Haya, sasa nimesikia.

Nimekalia kiti cha uenyekiti wa kijiji tangu Desemba 2014 hadi Novemba mwaka jana. Nimeombwa niwasimulie miaka yote kumi, nimekataa. Nitawasimulia mwaka mmoja tu, 2022. Kwa nini huo? Kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa na miaka saba kitini na kazi yangu sikuijua. Nilidhani naijua. Ukidhani unajua, ndugu zangu, hata usingizi unaupata vizuri.

Nilidhani mwenyekiti ni mhuri. Jogoo hajamaliza kuwika, mlangoni kwako kuna mtu. Huyu anataka barua ya utambulisho apeleke NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa. Huyu mwanawe yuko polisi, anataka barua ya dhamana. Huyu anapeleka ng'ombe mnadani. Huyu na mkewe hawajasemeshana tangu Jumanne na wote wawili wamekuja, kila mmoja amesimama upande wake wa mwembe. Unaandika, unagonga, unapuliza wino ukauke. Saa nne hujanywa chai. Jioni unajiambia: leo nimefanya kazi. Na mshahara je? Kuna mtu hapa aliyeambiwa kuna mshahara? Nani alikudanganya, kaka? Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Kuna posho, na posho ina tabia zake, mtazijua.

Sasa niwaulize. Mwenye kauli ya mwisho kijijini ni nani?

Nimesikia "mwenyekiti". Nimesikia "mtendaji". Yule mzee pale nyuma kasema "Serikali", na amesema kwa uchungu kidogo. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya 1982, inasema ni mkutano mkuu wa kijiji: kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ndio hao. Sisi wa halmashauri, watu 15 mpaka 25, na wanawake kati yetu wasipungue robo, tunatekeleza. Halmashauri inakaa kila mwezi. Mkutano mkuu unakaa kila baada ya miezi mitatu. Pigeni hesabu: mara 12 kwa mwaka tunajifungia ndani sisi kwa sisi, mara nne tunarudi kwa wenyewe kuwaambia tulichofanya. Mimi hizo mara 12 nilikuwa hodari. Hizo nne nilikuwa nazifanya kama mtu anayepima malaria: choma haraka, nitoke.

Tuanze na Januari 2022. Mkutano mkuu wa kwanza wa mwaka. Mgambo alizunguka vitongoji vyote tangu jana yake, na ninyi mnajua la mgambo likilia lina jambo. Tulisema saa nne. Saa nne, chini ya mkwaju wetu, walikuwepo watu 19, na 11 kati yao ni wajumbe wangu. Mpaka saa sita tulifika 42. Kijiji cha watu zaidi ya 2,000! Mtendaji akaninong'oneza, "Mwenyekiti, mvua imenyesha, watu wako shambani." Nikapoa moyo. Mvua ni kisingizio kizuri sana, haina mdomo wa kujitetea.

Tukafungua ajenda ya chakula cha shule. Mzee mmoja, mkulima wa alizeti, akasimama akaegemea jembe lake. Yeye alikuwa ametoka shambani kweli, udongo ulikuwa bado umeganda kwenye mpini. Akasema: "Mwenyekiti, baada ya mavuno ya mwaka jana nilileta debe la mahindi kwa kila mjukuu. Wajukuu wangu ni wanne. Madebe manne. Mwezi wa kumi watoto wakaanza kurudi nyumbani na njaa. Mahindi yetu yalikwenda wapi?" Akaketi. Hakutukana mtu, wala hakupaza sauti.

Nikamjibu nini? Nikamjibu kikiongozi: "Mzee wangu, suala lako tumelipokea na tunalifanyia kazi."

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnalijua jibu hilo, na wengine wenu mmeshaanza kulitumia, mwezi wa pili tu tangu mchaguliwe! Yule mzee naye alicheka. Akasema taratibu, kama anaongea na jembe: "Na mwaka juzi mlilipokea." Mkutano wote ukaangua kicheko. Mimi nikainamia karatasi zangu. Hapo ndipo nilipojua kwa nini watu walikuwa 42.

Na mahindi hayakuibwa! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jumatatu yake nilikwenda shuleni na wajumbe wawili wanawake. Jiko la shule yetu ni banda la matofali ya kuchoma, ndani peusi tititi kwa moshi. Mpishi ni mama ambaye shule aliiacha darasa la pili. Akatushika mkono akatuingiza, akatuonyesha ukuta. Kila debe alilopika alikuwa amelichora kwa chaki: vijiti vinne na kimoja cha kukata, vinne na kimoja cha kukata, kutoka mlangoni mpaka dirishani, kisha mstari mwingine chini yake. Tulihesabu mara mbili. Daftari la mwalimu lilisema yaliingia madebe 236. Ukuta ulisema 231. Matano yako wapi? Mama akatupeleka kona ya stoo, akafunua gunia lililoota ukungu mpaka limeshikana na sakafu, maana paa linavuja pale pale. Hesabu ikafunga.

Kwa nini basi chakula kiliisha mwezi wa kumi? Kwa sababu waliokula walikuwa watoto zaidi ya 400 na madebe yalikuwa 236. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wapo waliosikia "bila ada" wakaelewa "bila debe". Mwalimu naye hawezi kumpa bakuli mtoto huyu na kumnyima yule aliyekaa naye dawati moja. Nani kati yenu angeweza?

Kwa hiyo jibu la yule mzee lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa ukutani kwa chaki, miezi mitatu, mwendo wa dakika tano kutoka ofisini kwangu. Hakuna aliyelichukua akampelekea.

Siku ile nilipita dukani nikanunua kaunta ya kwaya mbili, lile daftari nene la jalada gumu. Nikachukua rula, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto: swali, kitongoji cha aliyeuliza, tarehe. Kulia: jibu, na tarehe lilipotolewa mbele ya watu. Si tarehe tuliyolijua sisi. Tarehe waliyoambiwa wao. Upande wa kulia ni mwiko kuuandika ofisini. Unaandikwa mkutanoni, jibu likishasomwa, na kila mkutano unaanza na daftari hilo kabla ya ajenda yoyote. Likiwa jibu ni "hatujui bado", tunalisema hivyo hivyo, na upande wa kulia unabaki mweupe.

Mtendaji wangu alinung'unika. "Mwenyekiti, muhtasari si upo?" Muhtasari upo, ndiyo, na kisheria lazima uwepo. Lakini mmewahi kusoma muhtasari? "Suala lilijadiliwa kwa kina na wajumbe walitoa maoni mbalimbali." Pale ndipo maswali yanapozikwa kwa heshima zote, na shada la maua juu.

Februari tuliitisha mkutano wa dharura wa jambo moja tu, mahindi. Hakusoma mwenyekiti. Mpishi mwenyewe alisimama, akaeleza ukuta wake, kijiti kwa kijiti. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na paa la stoo?" Nikaliandika. Swali la pili kwenye daftari, na kusema kweli lilikaa kushoto peke yake miezi mitano.

Sasa msiende nyumbani mkasema nilifanya miujiza. Mkutano wa Aprili walikuja watu kama 130. Si wengi. Lakini walikuja saa nne.

Mwaka ule, mnakumbuka, ulikuwa na shughuli nyingi kutoka juu. Kulikuwa na operesheni ya anwani za makazi, kila njia ipewe jina na kila nyumba namba. Tuna njia moja ya ng'ombe ambayo haikuwa na jina tangu dunia iumbwe. Kwa siku moja ilipata majina sita, na yote sita yalikuwa ya babu za wajumbe. Tulikaa mpaka giza. Agosti ikaja sensa, wenyeviti wa vitongoji wakatembea na makarani nyumba kwa nyumba, nchi ikahesabiwa watu 61,741,120. Kisha uandikishaji wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, foleni mpaka nje ya ofisi. Kila shughuli ikija na maswali yake, na daftari likinenepa. Sitawachosha na hayo.

Nije kwenye jambo ambalo mke wangu alinishauri nisiliseme hapa. Nitalisema.

Juni alikuja mgeni na gari jeupe. Simtaji, na kampuni yake siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa la kwetu. Alitaka ekari 200 alime alizeti. Angechimba kisima, angeleta madawati, angeajiri vijana. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi wenyeji tulikuwa wagonjwa wa kupona! Niliitisha halmashauri alasiri hiyo hiyo. Soda zilikuja kreti mbili. Soda zake. Kwa saa moja tukawa tumekubali, muhtasari ukaandikwa "wajumbe wote kwa kauli moja", karatasi ya saini ikaanza kuzunguka.

Ikasimama kwa mama mmoja wa viti maalumu. Nikatazama: chupa yake ya soda ina kizibo chake bado. Akauliza, "Mwenyekiti, mkutano mkuu umekaa lini?" Nikamwambia, "Utakaa, mama, huu ni utaratibu tu." Akasema, "Basi na mimi nitasaini siku hiyo." Akapitisha karatasi.

Na mimi, niwe mkweli, nilimkasirikia. Nilimwona mkorofi. Muhtasari ukaenda wilayani bila saini yake.

Mama yule alikuwa anasema sheria, ingawa hakuitaja kwa namba. Mimi nawatajia namba: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kifungu cha 8. Halmashauri inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini. Haimgawii mtu ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza. Na kila mkutano mkuu wa kawaida ukikaa, halmashauri inatoa taarifa ya namna inavyoisimamia na inasikiliza maoni. Mdhamini ni nani? Umesafiri, umemwachia jirani ng'ombe wako. Kukamua anaweza, mmepatana. Kuchunga anaweza. Kuuza je? Ukirudi umkute ameuza, akakuambia kikao cha watu wa nyumbani kwake kiliridhia, utamfanya nini?

Mkutano wa Julai, swali la yule mama likasomwa kutoka kwenye daftari, maana alihakikisha limeandikwa. Kabla sijaanza kueleza faida za kisima, mfugaji mmoja mzee alikuja mpaka mbele, akachutama, akachora chini kwa fimbo. "Hapa bwawa," akasema. "Hapa maboma yetu. Hapa katikati ndipo mnapompa mgeni." Akainua kichwa akanitazama. "Ng'ombe wangu wakitaka kunywa maji, Mwenyekiti, wataruka?"

Mimi niliyezaliwa kijiji hicho sikuwa nimeifikiria njia ile. Nilikuwa nimefikiria madawati.

Mkutano ukakataa. Kisima hatukupata, madawati hatukupata, na wapo vijana mpaka leo wananilaumu kwa ajira zile. Siwezi kuapa kwamba wamekosea. Kijana asiye na ng'ombe njia ya ng'ombe inamsaidia nini? Pengine kama tungeanza na mkutano mkuu, kwa utulivu, bila soda, tungepata mahali pengine pa kumpa mgeni, ekari hamsini huko mlimani, na kila mtu akaridhika. Hatukupata nafasi ya kujua. Nilichopata ni nauli ya kwenda wilayani mara mbili, mfukoni mwangu, kuomba muhtasari wangu mwenyewe uondolewe. Ulishawahi kwenda kuomba barua yako isisomwe? Basi usiende.

Yule mama nilimwomba radhi mbele ya mkutano. Hakusema kitu. Alivuta kitenge begani, akaomba kalamu, akasaini muhtasari mpya.

Nawaomba ninyi wenyeviti: mkiunda Baraza la Ardhi la Kijiji, sheria inataka watu saba na watatu kati yao wanawake. Msitafute watatu wanyamavu. Mtafuteni mmoja kama huyo na wengine wawili wanaofanana naye.

Tuendelee. Mnalijua boma la zahanati, lile jengo lililoanzwa likaachwa njiani? Nani hapa hana boma kijijini kwake? Nyoosheni mikono. Mmoja. Hongera, au labda hujatembea vizuri. Boma letu lilifika lenta mwaka 2018 kwa nguvu za wananchi, likasubiri. Mwaka 2022 mgunga ulikuwa umeota katikati ya chumba cha kujifungulia, mrefu kuliko mimi. Mbuzi walikuwa wakijifungulia humo, kwa hiyo huwezi kusema jengo halikutumika.

Wilaya walisema: malizeni kuta na sakafu, na sisi tutatafuta fedha za paa. Tukagawana mawe, mchanga na maji kwa vitongoji. Vitongoji vinne vikaleta, kila kimoja na rundo lake, na kila rundo lina kibao. Cha tano hakikuleta hata jiwe. Ni kile cha ng'ambo ya korongo. Na haikuwa mara ya kwanza. Kwenye mihtasari yetu ya miaka mitatu nyuma kimeandikwa hivi, nanukuu: "wakazi ni wagumu."

Kikaoni ikaja hoja ya faini. Mjumbe mmoja, kijana hodari, akasema tutume mgambo wakamate mbuzi. Watu wakapiga makofi. Hapa nisimame kidogo, maana najua mtakutana nalo. Faini ya kijiji inatokana na sheria ndogo. Sheria ndogo halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Faini iliyotungwa kikaoni Jumanne na kukamata mbuzi Jumatano ni wizi wenye mhuri. Msikubali, hata kama makofi ni mengi.

Nikasema, kwanza twende tukawaulize. Miaka mitatu tunaandika "wagumu" na hakuna aliyewahi kuvuka korongo kuwauliza kwa nini! Tulikwenda watano, kwa miguu. Tulipofika nimeshachoka, viatu mkononi. Tukakalishwa kwenye vigoda, tukapewa maji. Mama mmoja akauliza, "Mmetembea muda gani?" Nikasema, saa mbili na dakika. Akasema, "Zahanati ya kijiji jirani iko pale, nyuma ya ule mbuyu. Nusu saa. Uchungu ukinishika usiku na korongo limejaa, hiyo ya kwenu nitaifikia na miguu ya nani?"

Tukatazamana. Wagumu walikuwa ni sisi.

Hawakukataa kuchangia kijiji. Walikuwa wanakataa kujenga kitu wasichoweza kukifikia, na wewe ungekataa. Tukazungumza mpaka jua likapinda. Wakasema: mawe tutaleta, lakini tuyapange kwenye kivuko cha korongo, watoto wetu wavuke kwenda shule, na huo uhesabiwe mchango wetu. Nikasema siwezi kukubali peke yangu, nitalirudisha mkutanoni. Nilikuwa nimeanza kujifunza, mnaona?

Mkutano ule haukuwa mwepesi. Kitongoji kimoja kilisema hao wamependelewa, kivuko ni chao wenyewe. Mwingine akauliza, kwani shule si yetu sote? Tulianza saa nne tukamaliza saa tisa, na kura zilipita kwa tofauti ndogo. Wapo ambao hawakuridhika na hawajaridhika. Lakini Septemba mawe yalikuwa korongoni, na kuta za zahanati zilikamilika Novemba. Paa likaja mwaka uliofuata. Mgunga tuliukata, kuni zake zikapikia uji siku ya kazi.

Maji nitayagusa tu. Tangu mwaka 2019 maji vijijini ni kazi ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na pale kijijini kuna chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, wenyewe wanakiita CBWSO. Fedha za maji hazipiti kwa halmashauri ya kijiji. Mwananchi mwenye ndoo tupu anajua hayo? Hajui, na hana haja ya kujua. Oktoba pampu ilikufa. Siku ya pili nilifungua mlango alfajiri nikakuta madumu ya njano 27 yamepangwa mstari mbele ya nyumba yangu. Hapakuwa na mtu, madumu matupu tu.

Ningeweza kusema hilo si letu. Ni kweli si letu. Badala yake niliandika swali, nikampigia simu katibu wa chombo, na kila Ijumaa msikitini na kila Jumapili kanisani mjumbe alisimama kusema tulipofika. Fundi amekuja. Fundi anasema kifaa hakipo. Kifaa kimeagizwa. Kifaa kimefika, si chenyewe. Hilo la "si chenyewe" nilitamani kuliruka, nikaambiwa sema. Maji yalitoka siku ya 19, na hatukuyatoa sisi. Lakini madumu mlangoni kwangu yaliondoka siku ya nne.

Mkutano wa Desemba, wa mwisho kwa mwaka ule, tulisoma daftari lote. Maswali 61. Yenye kitu upande wa kulia, 50. Swali la pili lilikuwa na jibu: paa la stoo lilizibwa Julai kwa mabati matatu, na mzee wa jembe alikwenda kulitazama mwenyewe kabla hajaniruhusu niandike. Yasiyo na kitu yalikuwa 11. Mengine yalijibiwa miaka iliyofuata. Moja limebaki, nalo limehamishwa kutoka daftari hadi daftari mpaka Novemba nilipoondoka.

Mwenyekiti mpya wa kijiji changu, upo? Simama wakuone. Hamumjui? Mtamjua. Ndiye yule kijana hodari wa mbuzi na mgambo. Usione haya, mwanangu, siku ile na mimi moyoni nilipiga makofi.

Naomba nikusomee. Swali la 44, Oktoba 2022, kitongoji cha ng'ambo. Aliuliza yule mama aliyetupa vigoda: "Mawe tumepanga, lakini mvua kubwa itayasomba. Daraja lenyewe lini?"

Mvua ya juzi imeyasomba. Wenzetu ambao wangekaa kwenye viti vile vitupu wako ng'ambo ya korongo hilo hilo, asubuhi hii. Nimekwenda wilayani na barua mara tatu na nakala zote zimo humu ndani. Upande wa kulia mweupe.

Njoo ulichukue. Kalamu nimeiweka kwenye ukurasa wenyewe.